Muvi Imekuchanganya? Kagua Nakala, Kisha Saa, Kisha Anayesimulia

Mtu akitoka kwenye picha ameshika kichwa, husema "mimi sikuelewa", na hapo hapo anajilaumu. Swali langu la kwanza huwa: uliona nakala gani? Hapa Malindi, kuanzia vibanda vya Kisumu Ndogo hadi sebule za Mambrui, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nikiyafuatilia nakuta mara nyingi kuna kipande kilichokatwa, maneno yaliyotafsiriwa vibaya, au kisa kilichopangwa kinyume bila mtazamaji kuambiwa. Akili ya mtazamaji iwe ya mwisho kushukiwa.

Tafuta dalili yako hapa chini. Sababu ya kawaida nimeitanguliza, na lililo rahisi kukagua limekuja kabla ya lile la kuumiza kichwa. Tahadhari moja kabla ya kuendelea: natoboa siri za Avengers: Endgame, Interstellar, Us, The Sixth Sense, Drishyam, Inception na Titanic. Kama hujaona mojawapo na unataka kuionea utamu wake, ruka sehemu yake.

Dalili: picha inaruka, aliyekufa yuko hai, au mambo yanaanzia katikati

Sababu inayoongoza ni faili pungufu. Flashi ilichomolewa mapema, au aliyenakili alipunguza picha ili iingie kwenye nafasi ndogo. Angalia urefu wa faili kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Inception ina dakika 148, Interstellar 169, Endgame 181, Us 116, na Titanic ni kama saa tatu na robo, dakika zipatazo 195. Ukiwa na Endgame ya saa mbili na dakika ishirini, acha kujiuliza maswali ya hadithi. Huna hadithi nzima.

Usiogope upungufu mdogo. Sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na DVD na televisheni za upande wetu wa dunia zimezoea picha 25, kwa hiyo filamu huenda mbio kidogo na kupungua kama dakika 4 katika kila 100. Inception ya dakika 142 imekamilika. Ya dakika 120 haijakamilika.

Sababu ya pili ni televisheni. Kenya ina saa za familia, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, ambapo vituo havitakiwi kuonyesha mambo ya watu wazima. Kituo kikikata ugomvi wenye damu, huenda neno moja lililosemwa katikati ya ugomvi ule ndilo lililobeba picha yote. Ukiona tukio kubwa linatajwa nawe hukuliona, hukusinzia.

Sababu ya tatu ni nakala iliyosimuliwa na DJ. Ma-DJ kama DJ Afro wamewafanya watu wengi wapende picha ambazo wasingezigusa, na ufundi wao naustahi sana. Lakini sauti ya msimulizi hupita juu ya mazungumzo, na stelingi anaweza kupewa jina jipya. Picha ya ngumi huvumilia hayo. Picha ya mafumbo haivumilii, kwa sababu siri yake mara nyingi imefichwa katika sentensi moja ya kunong'ona. Picha za mafumbo zione kwanza bila DJ, kisha rudi kwa DJ ukastarehe.

Sababu ya mwisho, hasa kwa picha za Marvel: ulizima majina yalipoanza kupanda. Vipande vya baada ya majina ndivyo vinavyounganisha picha moja na nyingine. Subiri hadi kioo kiwe cheusi kabisa.

Diski ikikwama au kutoa sauti ya kukwaruza, itoe uifute kwa kitambaa laini kwa mstari ulionyooka, kutoka katikati kwenda ukingoni. Mwisho wako ni hapo. Televisheni yenyewe ikizima au ikitoa harufu ya kuungua, chomoa waya ukutani umwite fundi. Usifungue mgongo wake: ndani kuna sehemu zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Dalili: midomo na maneno havilingani, au maandishi ya chini yanasema kitu kingine

Malindi ina sababu yake ya pekee, nayo ni Kiitaliano. DVD na flashi nyingi zinazozunguka mjini zimetoka kwa Waitaliano, na Waitaliano wana desturi kongwe ya kuziwekea filamu za kigeni sauti za waigizaji wao. Unadhani mwigizaji anaongea ovyo, kumbe ni sauti ya mtu mwingine. Faili nyingi zina sauti zaidi ya moja. Kwenye VLC (programu ya kuchezea video) ya kompyuta bonyeza B ubadilishe sauti, na V ubadilishe maandishi. Diski iliyonunuliwa Italia ikikataa kabisa kwenye deki yako, huenda ni tatizo la kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa: Ulaya iko kanda ya 2, sisi tuko kanda ya 5.

Maandishi yakichelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo, G na H huyasogeza mbele na nyuma. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na picha, ni ile tofauti ya 24 na 25 tena. Baada ya saa moja pengo hufika kama dakika mbili na nusu, na kusogeza hakusaidii. Tafuta maandishi yaliyotengenezewa nakala hiyo hiyo.

Picha za Kihindi zina ugonjwa wao: maandishi hunyamaza wimbo unapoanza. Ndani ya wimbo watu huchumbiana, huoana, huzaa na hupita miaka. Usipeleke mbele. Usipouelewa wimbo, tafuta anayejua Kihindi. Hakuna namna ya kubahatisha maana ya shairi.

Dalili: wakati hauendi sawa

Hapa ndipo watu hukasirika kabisa, na hapa ndipo penye raha kubwa ukishapaelewa.

Endgame inaongoza kwa maswali. "Kama wamemuua Thanos aliyetoka 2014, mbona ya 2018, alipofuta nusu ya viumbe, hayakufutika?" Jibu analitoa Banner (Hulk) mwenyewe kwa maneno machache ambayo wengi huyapita: ukirudi nyuma, kule nyuma panakuwa kesho yako, na ulikotoka panabaki jana yako. Haibadiliki. Kitu kikibadilishwa kule, linachipuka tawi jingine la wakati, na lako linaendelea kama lilivyokuwa. Thanos aliyeuawa kwenye vita vya mwisho ni wa tawi jingine. Gamora, binti wa Thanos, anayebaki hai ni yule aliyekuja naye kutoka 2014. Wa kwanza alikufa kwenye sayari ya Vormir na hakurudi. Ukishika neno "tawi", maswali yako mengi yanajibika yenyewe.

Mzee Steve (Captain America) kwenye benchi ni swali la peke yake. Je, alizeekea kwenye tawi jingine, au alikuwapo duniani humu humu muda wote, amejificha? Waongozaji wa filamu walisema alitoka tawi jingine. Waandishi wake walisema alikuwapo humu humu. Wakiwa wenyewe wamepishana hadharani, wewe na rafiki yako mkipishana hakuna aliyekosa. Msigombane usiku kucha.

Kwa upande wa Interstellar, dalili ni moja: baba amerudi kijana, binti amekuwa bibi kizee kitandani. Watu hudhani ni ndoto, au kwamba Cooper, yule baba, alikufa. Hakuna ndoto humo. Sayari ya maji ile iko karibu mno na Gargantua, shimo jeusi, yaani mahali penye mvuto mkubwa mno hata mwanga hautoki, na kila saa moja pale ni miaka saba duniani. Wale wanatua, wanachelewa, wanarudi chomboni na kukuta mwenzao amesubiri miaka 23 na miezi. Wao wamezeeka kwa saa chache tu. Cooper anapookolewa mwishoni, kwa kalenda ana miaka 124.

Mvuto mzito huchelewesha wakati, na hilo halikutungwa na mwandishi wa filamu. Saa zilizo kwenye setilaiti za GPS, zile zinazomwonyesha nahodha alipo, huko juu mvuto ni hafifu kuliko ardhini. Ukijumlisha na mwendo wao wa kasi, huenda mbele ya saa za ardhini kwa takriban maikrosekunde 38 kwa siku. Wahandisi hulazimika kuzirekebisha. Wasingefanya hivyo, ramani kwenye simu ingepotoka kwa kilomita kadhaa kila siku. Tofauti kati ya simu yako na sayari ya Cooper ni ukubwa wa mvuto tu.

Na shimo jeusi lenyewe si geni kwa watu wa huku. Kutoka Malindi nenda kaskazini, pita Mambrui, fika Ngomeni. Baharini pale kuna majukwaa ya San Marco, ya Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani. Waliiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, na vipimo vyake vilichangia sana kuifanya Cygnus X-1, chanzo kimoja cha miali hiyo, ishukiwe kuwa shimo jeusi. Mwaka 1974 wanafizikia Stephen Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau juu ya Cygnus X-1 hiyo hiyo, Hawking akisema si shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali ameshindwa. Kip Thorne huyo ndiye mwanasayansi aliyesimamia fizikia ya Interstellar, na mwaka 2017 akapata tuzo ya Nobel. Kwa hiyo kijana wa Ngomeni akiniambia "mambo ya shimo jeusi ni ya Wazungu wa sinema", namwonyesha bahari.

Sehemu ya kabati la vitabu: waliolijenga lile jumba la wakati ni binadamu wa siku za mbele sana. Cooper analisema. Ukiuliza, "sasa wa kwanza waliokolewa na nani?", umefika ukutani. Filamu imefunga duara na haina mlango. Hapo simama.

Dalili: mtu si yule uliyemdhani

Kabla hujasema mwandishi amekudanganya, rudia dakika kumi za mwanzo. Picha za aina hii huweka jibu pale pale mlangoni, wakati bado unatafuta pa kukaa.

Us ya Jordan Peele, ya 2019, inaulizwa sana kwa sababu ya Lupita Nyong'o. Watu humwangalia kama dada yao. Anacheza nafasi mbili, Adelaide na Red, anayefanana naye kabisa, na swali ni: nani ni nani? Yule mama tuliyempenda tangu mwanzo, anayeilinda familia yake, ndiye aliyetoka chini ya ardhi. Akiwa mtoto alimkaba koo msichana halisi, akamfungia kule chini, akapanda juu kuishi maisha yake. Red ndiye Adelaide wa kweli.

Ushahidi wote umo ndani. Msichana aliporudi kwa wazazi wake alikuwa hasemi. Wao walidhani ni mshtuko, kumbe hakuwahi kujifunza kuongea. Ndani ya gari, anapopiga vidole kumfundisha mwanawe mdundo, anapiga nje ya mdundo. Kati ya wote waliotoka chini, Red peke yake anaongea kwa maneno, kwa sababu alizaliwa juu, na sauti yake ni ya kukwama kwa sababu koo lake lilikabwa. Msururu wa watu walioshikana mikono nao tulionyeshwa mwanzo kabisa, kwenye tangazo la televisheni la kampeni ya Marekani ya 1986. Na bango la Yeremia 11:11 linataja aya ya msiba usiokwepeka, ambapo kilio hakisikilizwi.

Kinachobaki bila jibu ni riziki ya wale wa chini: nguo nyekundu zote zile zilishonwa wapi, nani aliwalisha sungura? Filamu haisemi. Usiitengenezee jibu halafu ukamlazimisha mwenzako alikubali.

The Sixth Sense ya 1999 ina kipimo rahisi. Itazame tena ukijiuliza jambo moja tu: baada ya kupigwa risasi, nani anaongea na daktari Malcolm na kumjibu? Ni yule mtoto aonaye wafu tu. Mkewe pale mezani hotelini hamwangalii hata mara moja.

Drishyam, iwe ya Mohanlal ya 2013 au ya Ajay Devgn ya 2015, huleta malalamiko haya: "Mashahidi wote walihongwa?" Hata mmoja hakuhongwa. Huo ndio uzuri wake, na kwangu mimi hakuna picha ya Kihindi iliyopangwa vizuri kuliko hii. Familia ilisafiri kweli, ikala hotelini kweli, ikaonekana kweli, ila siku hazikuwa zile walizotaja. Baadaye baba wa familia, Vijay kwenye ile ya Ajay Devgn, akawarudia watu wale mmoja mmoja, akaitaja tarehe 2 na 3 Oktoba katikati ya maongezi ya kawaida, na wao wakaishika kama kumbukumbu yao wenyewe. Walipohojiwa walisema kile walichoamini. Ndiyo maana polisi hawakupata uongo wa kuuvunja. Mwili wa kijana aliyeuawa uko chini ya kituo kipya cha polisi. Aliuzika kikiwa bado kinajengwa. Kama hukuliona hilo, nakala yako imekatwa mwishoni. Rudi kwenye dalili ya kwanza.

Dalili: mwisho haujaisha

Pia ya Inception, kile kichezeo cha kuzungusha ambacho ndotoni hakianguki, inazunguka, inayumba kidogo, kioo cheusi. "Alikuwa ndotoni au macho?"

Kagua kwanza kama nakala inafika kwenye pia. Kisha kumbuka pia ile haikuwa ya Cobb, stelingi wa picha. Ilikuwa ya Mal, mkewe, kwa hiyo kuitegemea kama mizani kuna walakini tangu mwanzo. Angalia kidole chake cha pete: ndotoni amevaa pete ya ndoa, akiwa macho hana, na kwenye tukio la mwisho hana. Michael Caine, aliyecheza baba mkwe, alisimulia kwamba alipomuuliza mwongozaji, aliambiwa matukio ambayo yeye yumo ni ya kweli. Naye yumo mwishoni.

Mimi naegemea kwamba yuko macho. Lakini Christopher Nolan, akiwahutubia wahitimu wa Princeton mwaka 2015, aligusa jambo zito zaidi: Cobb ameondoka pale mezani na kwenda kwa watoto wake, hajali tena pia itaangukia wapi. Ukitaka kuielewa picha, acha kuitazama pia, mtazame yeye. Anayekuuzia "mwisho wa siri uliofichwa" kwenye simu yako, usimlipe. Haupo.

Dalili: "Mbona hakufanya hivi tu?"

Kwenye Titanic, mbona Jack hakupanda kwenye ule ubao wa mlango? Watoto wa wavuvi huuliza kwa hasira, maana wao wameshaning'inia kwenye vipande vya mbao tangu wadogo.

Itazame tena taratibu. Jack anapanda. Ubao unapinduka, wote wanaingia majini, ndipo anamwachia Rose. Nafasi ya kulala ilikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa mbao kubeba uzito wa wawili na bado ikabaki juu ya maji. Mwongozaji James Cameron alilifanyia majaribio yaliyoonyeshwa mwaka 2023, akakubali kwamba kwa kukaa kwa namna fulani na bahati nyingi Jack angeweza kuponea. Lakini wawili wale gizani wangejuaje namna hiyo?

Kinachotupotosha sisi ni joto la bahari yetu. Maji ya Malindi huwa kati ya nyuzi 25 na 30, na mtu akishika ubao usiku kucha anaweza kuokotwa asubuhi. Usiku ule wa Aprili 1912 maji yalikuwa karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na ni chumvi tu iliyoyazuia yasigande. Kwenye maji hayo mikono huishiwa nguvu baada ya dakika chache, na wengi hawamalizi nusu saa. Watu wapatao 1,500 walikufa, na wengi wa walioangukia majini wakiwa na maboya waliuawa na baridi wakiwa bado wanaelea. Ukilijua hilo, mkono wa Jack ukiteleza huoni tena uzembe.

Dalili ambazo si za filamu tena

Mtoto aliyeona picha ya kutisha akakosa usingizi siku moja mbili, kaa naye, mweleze damu ile ni rangi na yule mzimu ni mtu aliyepakwa. Ikipita wiki kadhaa bado anaamka akipiga kelele au anakataa shule, mpeleke kwa daktari. Usimlazimishe kuitazama tena eti azoee.

Mwanga unaomeremeta haraka haraka unaweza kuamsha kifafa kwa mwenye ugonjwa huo, hata kama hajawahi kuanguka. Incredibles 2 ilipotoka mwaka 2018, majumba ya sinema yaliweka ilani milangoni kwa sababu hiyo. Mtu akianza kutetemeka mbele ya kioo, zima picha, ondoa vitu vigumu karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, na mtetemo ukikoma mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu. Angalia saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, akianguka tena kabla hajazinduka, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, tafuta gari mara moja mumpeleke hospitali.